Mazungumzo ya Nyumbani: Sindbad Baharia na Sindbad Hamali

Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya kitabu ambacho watoto wengi hukipenda kuliko vitabu vyao vya shule, nacho ni kitabu cha picha cha safari za Sindbad Baharia. Wako wazazi wanaokichukia, wakisema kuwa chajaza vichwa vya watoto uongo. Wako na wengine wanaowaachia watoto wakisome wapendavyo, kwa kuwa mtoto aliyeinamia kitabu hasumbui watu. Sisi twaona kuwa kitabu hiki chafaa sana kusomwa, ila mtoto asikisome peke yake. Na neno hili latuhusu zaidi sisi wa Kishapu, na wote wakaao tangu Shinyanga hata Geita, kwa sababu ardhi ya nchi yetu ina almasi na dhahabu kweli kweli.

Mwalimu mmoja wa upande wa Maganzo ndiye aliyetufanya tuandike haya. Asema kwamba kijana wa darasa la saba, mwenye akili nzuri, ameanza kukosa shule siku mbili tatu kila juma, akifuatana na wakubwa wanaotafuta mawe. Mwalimu alipomwonya, kijana akamjibu kwa adabu, "Mwalimu, mbona Sindbad hakupata almasi zake darasani?" Mwalimu alikosa neno. Basi tujaribu kumsaidia, maana swali lile si la kijana mmoja tu.

Kwanza tueleze kitabu chenyewe kwa ajili ya wasiokijua. Kila ukurasa umegawanywa katika vyumba vidogo vya picha, na maneno ya watu yameandikwa katika viputo vitokavyo vinywani mwao. Mtoto asiyesoma vema huifuata hadithi kwa macho, na maneno huja nyuma yake kama kondoo nyuma ya mchungaji. Huko Marekani, mwaka wa 1941, Albert Kanter alianza kutoa hadithi mashuhuri za dunia kwa njia hiyo, na kitabu chake cha nane, kilichotoka mwaka wa 1943, kilikuwa cha Alfu Lela Ulela. Hapa Afrika Mashariki, Gado, mchoraji mzaliwa wa Dar es Salaam, alichora visa vya Abunuwasi kwa Kiswahili, na kitabu chake kikatolewa Nairobi na Sasa Sema mwaka wa 1996. Abunuwasi na Sindbad ni majirani, kwani hadithi huwaweka wote wawili Baghdad, zamani za Harun al-Rashid, aliyetawala tangu mwaka wa 786 hata mwaka wa 809. Mtoto amjuaye mmoja hapati taabu kumjua wa pili.

Hadithi yaanza hivi. Siku moja ya jua kali hamali mmoja maskini alitua mzigo wake penye mlango wa nyumba kubwa. Akasikia ngoma na vinanda ndani, akanusa harufu ya vyakula vizuri, akanung'unika kwa nini wengine wastarehe na wengine wabebe mizigo. Mwenye nyumba akamsikia, akamwita ndani, akamwuliza jina lake. Hamali akajibu, "Sindbad." Mwenye nyumba akacheka, akasema kwamba naye aitwa Sindbad, mmoja ni Sindbad Hamali na mwingine ni Sindbad Baharia. Kisha kwa siku saba akamsimulia safari saba, na kila jioni akampa dinari mia za dhahabu kabla ya kumwacha aende kwake. Wazazi na walimu, twawaomba msimsahau hamali huyu, kwa sababu mara nyingi wachoraji humpa picha mbili tu, ya kwanza na ya mwisho, nasi tutamrudia.

Safari iwavutayo watoto kuliko zote ni ya pili. Sindbad alilala usingizi kisiwani, wenziwe wakatweka tanga wakamwacha. Akaona kitu cheupe kama kuba, kumbe ni yai la ndege aitwaye rukhi. Alipotua yule ndege, Sindbad akajifunga mguuni pake kwa kilemba, akachukuliwa mpaka bonde lenye kina kirefu, ambalo chini yake zimetapakaa almasi, na nyoka wakubwa wawezao kumeza tembo wakizunguka usiku. Wafanyabiashara hawakuweza kushuka. Waliwachinja kondoo, wakawachuna, wakatupa nyama bondeni ili almasi zigande juu yake; tai wakashuka, wakaichukua nyama mpaka mlimani, na huko watu wakawafukuza kwa makelele, wakazichuma almasi. Sindbad akajaza mawe nguoni, akajifunga chini ya pande la nyama, akapandishwa na tai.

Je, yote haya ni uongo mtupu? La. Tumpe mtoto sehemu ya kweli, maana mtoto akikuta kwamba mzazi ajua kweli iliyomo ndani ya hadithi, atamsikiliza pia akimwambia palipo na chumvi. Ndege mkubwa alikuwako. Katika kisiwa cha Madagaska waliishi ndege wasioweza kuruka, wakubwa kuliko mbuni, ambao walikwisha kutoweka yapata miaka elfu iliyopita. Yai moja lao laweza kupokea yaliyomo ndani ya mayai ya kuku zaidi ya mia. Marco Polo naye, katika habari za safari zake, alimtaja rukhi alipoeleza habari za Madagaska. Jahazi la Sindbad nalo si la kubuni, kwani mabaharia wa Uarabuni walikuwa wakizishona mbao za vyombo vyao kwa kamba za nazi pasipo misumari, kama watu wa pwani yetu walivyoushona mtepe. Mwaka wa 1980 Tim Severin aliondoka Muscat kwa chombo kilichoshonwa namna hiyo, akafika Canton katika China mwezi wa Julai 1981. Kamba za nazi ziliwavusha bahari hizo zote.

Lakini la ajabu zaidi ni habari ya nyama. Kisa cha kutupa nyama bondeni ni cha kale kuliko kitabu cha Sindbad. Askofu Epiphanius wa Kupro, aliyekufa mwaka wa 403, alikiandika alipokuwa akieleza mawe kumi na mawili ya kifuko cha kifuani cha Haruni. Wala kisa hiki hakikosi chembe ya maarifa. Almasi huyakataa maji na hupenda mafuta. Huko Kimberley, Afrika Kusini, mwishoni mwa karne ya 19, watu walianza kuyapitisha mawe yaliyosagwa pamoja na maji juu ya meza zilizopakwa mafuta mazito. Mawe ya kawaida, yakiwa yamelowa, yaliteleza yakaenda zake, na almasi zikaganda. Hata leo, ingawa iko mitambo mingine, njia hiyo ya mafuta yajulikana sana katika kazi ya almasi. Mwalimu wa sayansi aweza kuanza somo zuri hapo, akitumia bamba lililopakwa mafuta na maji kidogo, awaonyeshe watoto jinsi maji na mafuta yasivyopatana.

Sasa tuje nyumbani. Bonde letu ni Mwadui. Mwaka wa 1940 John Williamson, mjuzi wa mawe kutoka Kanada, aliivumbua almasi ya Mwadui baada ya kuitafuta kwa miaka mingi. Mwaka wa 1947 likapatikana jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5, akapewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake. Lilipochongwa likabaki karati 23.6. Jiwe hilo, kabla halijachongwa, lilikuwa na uzito usiofika gramu 11, ambao mtoto aweza kuubeba kiganjani asihisi kitu. Watu wote wa Kishapu wamesikia habari zake. Lakini ni wangapi wamesikia ya kwamba katika tani 100 za mawe ya Mwadui almasi zipatikanazo hazifiki karati 10, yaani hazifiki gramu 2? Almasi zenyewe zilifanyika chini sana ardhini, zaidi ya kilomita 150, zikapandishwa juu kwa nguvu ya moto wa ardhi katika bomba la mwamba. Hazikutapakaa chini kama punje za mtama uwanjani. Mchoraji huzichora zikimetameta kwa sababu ana chumba kimoja tu cha picha. Angechora tani mia za mawe matupu, nani angenunua kitabu?

Na bonde letu lina nyoka wake. Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la mgodi wa Mwadui ulibomoka, maji na tope vikaenea juu ya mashamba na makao ya watu. Kwa vijana wanaoitwa wabeshi, waingiao usiku mahali wasiporuhusiwa, nyoka ni wengi zaidi: giza, kifusi, na mapambano na walinzi. Wenye kwenda Geita kuchimba dhahabu katika maduara huikuta zebaki, ambayo mtu akiichoma na kuivuta moshi wake humdhuru mwilini pole pole, wala haonekani nyoka aliyemwuma.

Hapa twafika kwenye jambo lenyewe tulilotaka kulisema. Mwangalieni Sindbad kwa makini katika kila safari. Aliondoka na wenzake wengi, lakini ni wangapi waliorudi? Katika safari ya kwanza kisiwa walichotua kilikuwa samaki, kikazama nao. Katika safari ya tatu jitu liliwaoka wenziwe mmoja mmoja na kuwala. Katika safari ya nne walikamatwa na walaji wa watu. Katika kitabu cha picha watu hao huchorwa wadogo, pembeni, bila majina na bila viputo vya maneno. Wakishakufa, ukurasa wafunuliwa na Sindbad aendelea. Wala si kosa la mchoraji peke yake. Hadithi ya safari husimuliwa na aliyerudi. Waliozama hawana wa kuwasimulia. Ndivyo ilivyo katika machimbo. Kijana aliyepata jiwe hurudi kijijini kwa pikipiki mpya, naye husimuliwa kila kilabu na kila kisima. Wale arobaini waliorudi mikono mitupu huingia nyumbani usiku, na asiyerudi hatajwi ila na mama yake.

Mfano uko karibu nasi. Mwezi wa Oktoba 2015 shimo la dhahabu liliporomoka huko Nyangalata, katika wilaya ya Kahama, likawafunika watu ndani yake. Baada ya siku 41 watano walitolewa wakiwa hai, nao wakaeleza jinsi walivyokula mizizi, mende na vyura, na kunywa maji ya tope. Dunia nzima ilishangaa, na magazeti ya ng'ambo yakaandika. Lakini walioingia hawakuwa watano. Wa sita alifia shimoni, naye hakusimulia lolote.

Mtu asomaye safari ya nne atakumbuka habari hiyo. Sindbad alioa katika nchi ya kigeni ambayo desturi yake ilikuwa mume akifiwa azikwe hai pamoja na mkewe. Mke akafa; Sindbad akateremshwa pangoni na mtungi wa maji na mikate saba. Vitabu vingi vya watoto humwonyesha hapo akikaa kwa huzuni, kisha akimfuata mnyama mpaka tundu la kutokea baharini. Lakini katika hadithi ya asili kuna jambo la kutisha: chakula kilipokwisha, kila mtu hai aliyeteremshwa pangoni baada yake, Sindbad alimwua kwa mfupa, akatwaa mikate yake. Nasi hatusemi kwamba mtoto mdogo asomewe hayo. Twasema kwamba mzazi na mwalimu wayajue. Mtoto akifika miaka kumi na minne, na hasa akianza kutamani shimo, aambiwe waziwazi kwamba njaa ya kupona na tamaa ya kupata zaweza kumfikisha mtu mpole mahali ambapo hajitambui tena. Na kwamba Sindbad alipotoka pangoni, alitoka na vito vya wafu.

Sasa turudi kwa hamali. Sisi wa nchi hii yatupasa kumpenda, kwani ni ndugu yetu kuliko yule baharia. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma ndio waliokuwa wapagazi mashuhuri wa misafara. Walibeba pembe za ndovu mpaka pwani na kurudi na nguo na shanga, kila mtu na mzigo wa ratili 60 au 70 begani, kwa safari ya miezi. Kwenda pwani na kurudi kulihesabiwa kuwa dalili ya uanaume. Hao walikuwa na jitu lao, na nyoka wao, na pango lao. Walipita nyika isiyo maji, walipatwa na ndui, walivamiwa njiani.

Na tazameni jinsi mambo yalivyofungamana. Mwingereza Richard Burton aliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, akafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba, mizigo yake ikiwa mabegani mwa wapagazi. Mwenzake Speke akaendelea kaskazini kupita Usukuma, akaliona Ziwa mwezi wa Agosti 1858. Burton huyo huyo ndiye baadaye, tangu mwaka wa 1885, aliyetoa tafsiri kubwa ya Kiingereza ya Alfu Lela Ulela, pamoja na safari za Sindbad. Basi mtu aliyewasimulia Waingereza habari za Baharia na Hamali alikuwa amekwisha kuvushwa nchi na mahamali wa kwetu. Jina lake liko juu ya majuzuu. Ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Baharia alimwambia hamali ya kwamba mali yake yote aliipata kwa taabu, na hamali akakubali, asinung'unike tena. Twaona ni vema watoto waulizwe kama jibu hilo latosha. Je, hamali naye hakupata taabu? Mama atwekaye ndoo ya maji kutoka mbali kila alfajiri, hapati taabu? Baba apaliliaye pamba juani, je? Taabu peke yake haikumtajirisha Sindbad. Tuangalie hadithi inasema nini. Kabla ya safari ya kwanza alikuwa amekwisha kuutapanya urithi wa baba yake, akauza vilivyobaki kwa dirhamu elfu tatu, akanunua bidhaa, ndipo akapanda chombo Basra. Hakwenda mikono mitupu. Alikwenda na mtaji. Naye alijua bei za vitu. Alipotupwa katika nchi ya nazi alichuma nazi akaziuza, na mahali pa pilipili akanunua pilipili.

Tena, wasomaji wetu, hapa ndipo lilipo jibu la kijana wa Maganzo. Sindbad alipokuwa bondeni, amezungukwa na almasi ambazo hazimfai kitu, pande la nyama lilianguka mbele yake. Mtu asiyejua angelikimbia, au angelila. Sindbad alikumbuka kwamba aliwahi kusikia kutoka kwa wasafiri habari za wafanyabiashara na nyama na tai. Elimu hiyo aliyoisikia zamani, ameketi mahali penye usalama akiwasikiliza wengine, ndiyo iliyomtoa bondeni. Basi, mwalimu, mwambie kijana wako hivi: ni kweli, Sindbad hakupata almasi zake darasani, lakini alipata darasani njia ya kutoka bondeni. Almasi alizikuta chini ya miguu yake, na zisingalimsaidia kuishi hata usiku mmoja.

Twajua ya kwamba maneno hayatoshi. Kijana huenda kwenye mawe mara nyingi si kwa tamaa, bali kwa kuwa mvua haikunyesha, pamba haikuzaa, na nyumbani hakuna daftari. Baba amkemeaye mwanawe kwa kwenda Maganzo, huku jioni akizitumia fedha zilizotoka huko, hana nguvu ya kusema. Na iwepo baraza ya nyumbani, baba na mama na mtoto, wahesabu pamoja: siku ngapi alikwenda, alipata nini, alitumia nini kwa chakula na nauli, amekosa masomo gani. Waandike katika karatasi. Mara nyingi hesabu hiyo hufanya kazi ambayo fimbo haikuweza.

Kwa walimu twapendekeza zoezi moja. Kila mtoto agawe ukurasa wa daftari vyumba sita, achore safari ya nane, nayo iwe safari ya Sindbad Hamali: mpagazi wa Usukuma atokaye kwao na pembe begani mpaka Bagamoyo. Sharti liwe moja, kwamba kila mtu anayeonekana katika picha apewe jina na walau neno moja la kusema, hata yule atakayekufa njiani. Wakiimaliza hiyo, wachore na kisa cha Masala Kulangwa na jitu Shing'weng'we, ambacho bibi zao wakijua kuliko sisi. Nao bibi watafurahi kuulizwa.

Nanyi wazazi, kitabu cha Sindbad kikiingia nyumbani, kifungueni pamoja baada ya chakula cha jioni. Mwacheni mtoto asome kwa sauti, nanyi mwulize kila mwisho wa safari, "Waliondoka wangapi? Wamerudi wangapi?" Mwulize, mngoje ajibu.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kuweka akiba ya mtama na michembe katika mwaka wa mvua chache. Wenye maarifa juu ya jambo hilo watuandikie mapema. Kwaherini.